Nasimiyu wa Stoo ya Mashuka

Doha, Ijumaa, 28 Novemba 2025
Kwa Anti Winfred Nasimiyu

Baada ya miaka kumi na tisa ya kutandika vitanda vya wageni, Winfred Nasimiyu anastaafu Jumapili hii, akiwa na miaka sitini. Hoteli ilimuaga jana kwa keki na cheti. Cheti kinasema alikuwa mfanyakazi mtulivu asiye na mambo mengi. Tunaishukuru hoteli kwa uchunguzi huo wa kina. Sisi tuliokutana leo sebuleni Al Thumama, mapazia yakiwa yamefungwa, tunaongeza machache ambayo hayakutoshea kwenye cheti.

Winfred alitoka Kimilili mwaka 2006 kuja kusafisha vyumba, akapanda hadi kuwa msimamizi wa stoo ya mashuka. Stoo haina dirisha, na mameneja hawapendi joto lake, kwa hiyo ikawa ofisi nzuri kuliko zote za kutetea haki za mashoga mjini hapa. Haikuwa na bango wala katiba. Ilikuwa na stuli mbili, pasi moja na chupa ya chai. Hapo aliwasikiliza walinzi, madereva na wasichana wa kazi za nyumbani waliofukuzwa vyumbani na watu wa kwao, watu wa heshima wasiotaka kulala karibu na dhambi ya mwingine. Kila mmoja alimtafutia kitanda. Aliyekamatwa alimtafutia wakili. Aliyetishiwa kusemwa kwa mamake, Winfred alimpigia huyo mama kwanza, wakaongea habari za mahindi nusu saa nzima kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe.

Kwenye simu yake hatukuwa na majina. Kuna aliyeitwa Foronya, na mimi, mwenzake wa upande wa dobi, nilikuwa Taulo Ndogo. Sikukata rufaa. Siku moja meneja aliona ujumbe kwenye simu hiyo: “Ndoo mbili zimetupwa nje Al Wakrah.” Ndoo hao walikuwa Phoebe na Scovia, na masanduku yao barabarani. Meneja, mtu makini, aliagiza ndoo mbili mpya siku hiyohiyo. Sijui mtetezi mwingine wa haki aliyewahi kusaidiwa na wakubwa wake kwa haraka namna hiyo.

Yeye mwenyewe aliishi miaka tisa na binamu yake, Shamira wa Masaka. Mbukusu wa Kimilili na binamu Mganda. Ofisi ya makazi haikuona la kuuliza.

Kwa miaka minane alikuwa pia katibu wa kamati ya matanga ya sisi Wakenya wa hapa. Hapa Doha mtu akifa, tunakutana ukumbini kila jioni hadi mwili upande ndege, na viti vya mbele ni vya familia. Machi mwaka jana, Kiprop aligongwa na gari huko Lusail akitoka zamu ya ulinzi. Mimi naye tulikuwa tumeishi pamoja miaka sita. Alikuwa anakula maganda ya mkate kwanza, ananiachia katikati. Kwa kamati, mimi nilikuwa mwenzake wa chumba, na wenzake wa chumba hukaa nyuma, karibu na masufuria. Kwao walishatuma neno nisionekane mazishini. Kwa hiyo nilitaka kitu kimoja tu: kumlilia kama mtu wangu kabla hajaondoka.

Winfred alinishika mkono akaniketisha mbele. Mwenyekiti, Mzee Onyango, akamwinamia.

“Katibu, huu mstari ni wa familia.”

“Ndiyo maana nimemweka hapa, Mwenyekiti.”

“Watu wataongea.”

“Waongee baada ya maombi. Na wewe mzee, mbona umekaa mbele? Marehemu ulikuwa unamjua?”

Mzee Onyango ana adabu zake. Alivuta kiti chake nyuma kidogo. Mimi nilikaa pale jioni zote nne.

Wiki iliyofuata Mwenyekiti alitangaza kwamba Katibu anapumzika kwa sababu za kiafya. Winfred aliusikia ugonjwa wake pamoja nasi, akauliza kama una dawa. Kamati sasa ina katibu mwenye afya njema kabisa, na mara mbili amesahau kuita mchungaji.

Anti, asante kwa chai, kwa vitanda, na kwa simu ulizopokea ukiwa na sabuni mkononi. Tunakuombea huko Kimilili siku ndefu, ng’ombe watulivu, na goti lisilokusumbua.

Kutoka kwako hadi Kitale si mbali. Kaburi la Kiprop liko nyuma ya boma la kwao. Mimi sijaliona. Ukienda watakuuliza wewe ni nani. Sema mlijuana Doha, inatosha. Simama hapo kidogo. Ukimaliza kumwombea yeye, unikumbuke na mimi.

Tony