Mama Nyoosha na Mkono wa Fundi Cherehani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, daktari wetu bingwa wa upasuaji anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika wodi ya majeraha ya moto. Jina lake rasmi wanalijua wahasibu; sisi wengine tunamwita Mama Nyoosha.

Kazi yake ni kufungua viungo vilivyokunjwa na makovu: kiwiko kilichoganda, kidevu kilichonata kifuani. Hukata kovu, hunyoosha kiungo, kisha hupandikiza ngozi iliyotolewa pajani. Kabla ya kushika kisu humwuliza mgonjwa anakitakia nini kiungo hicho, na haruhusu mtu kwenda nyumbani kabla hajalifanya jambo hilo mbele yake. Babu mmoja alitaka tu kujikuna mgongo. Siku alipofaulu, wodi nzima ilipiga vigelegele.

Kumsalimia nako kuna kazi. Mhasibu mkuu alimpa mkono siku moja, akajikuta kiwiko kinakaguliwa na anapangiwa mazoezi.

Ukali wake wote uko kwenye banzi, kile kifaa kigumu kinachofungwa ili kiungo kisijikunje tena. Sababu yake hajawahi kuwaficha wanafunzi. Mwaka wake wa kwanza alimfungua kiwiko fundi cherehani. Mkono ukanyooka, makofi yakapigwa, naye akamruhusu aondoke bila banzi, akidhani kisu kimemaliza kazi. Miezi michache baadaye kiwiko kilikuwa kimerudi kulekule, na fundi akakataa katakata kulazwa tena.

Hakumnunia daktari. Alianza kutushonea mikanda ya mabanzi, mkono wake ukiwa umekunjika vilevile, ili wenzake yasiwakute. Kila alipoileta, Mama Nyoosha alimsihi akubali kupasuliwa upya, naye kila mara alicheka na kuuliza habari za watoto.

Jumatatu ya wiki hii fundi alileta mikanda, akasema sasa yuko tayari. Amepata mjukuu, anataka kumbeba kwa mikono miwili. Daktari alishukuru, kisha akaenda kujifungia ofisini. Vipimo havitakamilika kabla ya Ijumaa. Atakayemfungua kiwiko ni mwingine. Imemuuma, na sisi imetuuma.

Asante, Mama, kwa kila mkono unaofika kinywani kwa sababu yako. Ustaafu wako uwe wa afya na vicheko. Fundi tutamhudumia, na safari hii haondoki bila banzi. Ila ukae karibu na simu: mjukuu atakapoletwa, tutakuita, maana hatumruhusu fundi kwenda nyumbani mpaka umwone amembeba.