Hapa Fumba Macho

Sikilizeni, wanangu. Sogeeni hapa, na wewe, mdogo mtu, zima hiyo simu, maana maneno ya mtu anayeondoka hayarudiwi, na hii pumzi iliyonibakia sitaki kuimalizia kwa adabu. Niliomba mnilaze humu sebuleni, karibu na kinanda, kwa sababu zangu.

Nimechukizwa. Nasema wazi, nimechukizwa na nilichokiona. Juzi mlinibeba na kiti mpaka ukumbini nikawatazame wanafunzi wa mwanangu huyu wa kiume, wa shule niliyoianzisha mimi na kinanda kimoja katika chumba kilichokuwa stoo ya magunia, na nikaona nini? Watoto kumi na wawili, mmoja baada ya mwenzake, wakifika pale pale katika wimbo wanafumba macho, wanainamisha kichwa upande wa kulia, wanashusha pumzi, na wazazi wanajipangusa machozi. Watoto kumi na wawili na huzuni moja, kama sare ya shule. Yule wa mwisho, kabinti ka fundi cherehani, alichungulia kwa jicho moja kuona kama mwalimu ameridhika.

Kisha ukanipeleka darasani, mwanangu, kifua mbele, ukanionyesha picha za nyuso ulizobandika ukutani: huu wa furaha, huu wa majonzi, huu wa mapenzi. Mimi nilikuwa nawapa watoto chaki za rangi nikiwaambia, nichoree hasira yako, kisha tuitafute kwenye kinanda. Na mmoja alichora meza ya kwao yenye kiti kimoja kitupu, tukakaa na kiti kile miezi miwili mpaka sauti yake ikapatikana, na haikuwa nzuri, ila ilikuwa yake. Wewe unawafundisha sura. Tangu lini uso ukapiga kinanda?

Nilikuuliza umeyatoa wapi haya. Ulikwenda kabatini ukaniletea karatasi ya muziki iliyogeuka manjano, ile niliyopigia siku nilipopata jina, na pembeni kwa penseli imeandikwa: hapa fumba macho. Mwandiko ni wangu. Nyani haoni kundule, wanangu, na kile kinyaa nilichokuwa nacho kwako kimehamia kwangu, wala hakina pengine pa kwenda.

Basi niseme na lile ambalo nyumba hii imelinyamazia miaka kumi na mmoja. Siku tuliyomzika baba yenu, wageni wamejaa humu humu, wewe binti yangu ulikaa ukakipiga kinanda kwa ngumi na viganja, kamasi zinakutoka, mdomo wazi, sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Nikaona haya mbele za watu. Nikakwambia, "Kama huwezi kupiga vizuri, usipige," nikashusha mfuniko, na vidole vyako vikapona kwa bahati tu. Hujakigusa tena. Na ule ndio muziki pekee wa kweli uliowahi kupigwa chini ya paa hili, nami, mwalimu wa hisia za watoto wa watu, niliufunika. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi nilimkataza wangu kulia, na kulia nalia vile vile.

Sasa shikeni. Nyumba ni yenu wawili, msiitie ufa. Shule ni yako, mwanangu, lakini picha zile uzibandue kesho asubuhi, na karatasi yangu uichome, usije ukaitia kwenye fremu, nakujua. Kwenye mazishi yangu asipangwe mtoto yeyote kunihuzunikia. Kinanda ni cha dada yako. Akipige, akiuze, akianikie nguo, asiulizwe.

Radhi yangu mnayo, nyote wawili, bila kinyongo. Mungu awaepushe na sifa za bure, na watoto wenu wasiogope kulia mbele yenu.

Nipeni maji... Basi, yatosha. Binti yangu, kifunue. Mfuniko umekaza, nduguyo akusaidie. Piga chochote. Usinitazame mimi.

Ndiyo... Ndiyo, hivyo... Hapo kidole cha nne kinge...

Hapana. Hapana, binti yangu. Endelea hivyo hivyo.