Mama Throsimai Pohtam, Aliyesubiri Kuitikiwa

Mama yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa kijijini Pdengshnat, kitinda mimba wa marehemu Bi Bilian Pohtam. Kwetu binti wa mwisho ndiye hurithi, kwa hiyo nyumba na bustani ya tambuu vilibaki kwake.

Alisoma hadi darasa la tatu, akaacha mwaka 1960. Shuleni kilifundishwa Kikhasi, si lugha yetu sisi Wawar, na wenzake walimcheka kwa kuwa alikata maneno kooni, kama Wawar wa zamani.

"We Thro, umepaliwa na popoo?"

"Mimi neno nalifungia mlango. Nyinyi mnaacha wazi, mbwa wanaingia!"

Kazi yake ilikuwa kuchuma tambuu. Kwetu mchumaji huita kutoka juu ya ngazi mtini, wala hashuki mpaka aitikiwe. Yeye na dada yake Risimon waliitana hivyo bondeni miaka hamsini. Risimon alifariki mwaka 2011. Sisi tukawa tunamwitikia kwa Kikhasi, naye anabaki tu juu ya ngazi ya mwanzi. "Bado sijaitikiwa," alikuwa akisema.

Alifunga ndoa mwaka 1970 na marehemu Hambok Lamin, aliyehamia nyumbani kwetu. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2016 mwalimu mmoja kutoka Shillong alikuja kurekodi sauti za lugha yetu. Mama alitamka neno moja, akasubiri.

"Endelea, Mei," yaani mama, mwalimu alimwambia.

"Sijaitikiwa, mwanangu. Hicho kidude chako kina koo?"

Ndipo binti yake mdogo, Daplin, mtoto mgongoni, akaanza kumwitikia. Akikosea, mama alimgusa shingoni: "Funga hapa." Tangu siku hiyo aliitikiwa kila alipoita.

Februari 2019 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Alipasuliwa, sauti haikurudi. Daplin akiita kutoka bustanini, mama aligonga ukuta mara moja.

Tarehe 2 Novemba, saa nne asubuhi, Daplin aliita. Ukuta haukugongwa. Aliita tena, akabaki juu ya ngazi, mikono imejaa majani, asishuke. Hatimaye sauti ikatoka chini mlangoni, fupi, imefungwa kooni barabara. Alikuwa Ibanri, mjukuu wa miaka minne, aliyekuwa akikaa na bibi yake. Daplin akashuka.

Mama alituaga asubuhi hiyo. Ameacha mabinti wawili, Wandarisa na Daplin, na wajukuu watano.

Nenda salama, Mei, ukatafune popoo uani kwa Mungu. Ukifika, ita. Tutaitika.