Daktari Ngoja-Kwanza na Tumbo la Kitindamimba Wangu

Kwanza salamu, Daktari. Baba watoto anakusalimu. Mama mkwe anakusalimu, ingawa magoti bado yanamsumbua. Binti yangu mkubwa na mumewe wanakusalimu. Na kitindamimba, mwenye lile tumbo, anakusalimu mdomo umejaa chakula. Jikoni hapa hospitalini sote wazima, na masufuria pia.

Sasa, ndugu wafanyakazi, daktari wetu wa upasuaji anastaafu mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja. Vyeo vyake watavitaja waliosoma. Mimi mpishi nitasema nililoliona. Wodini anaitwa Ngoja-Kwanza. Jikoni tulimwita Adui wa Uji, maana kila alipozuia mgonjwa asile, chakula chetu kilirudi kama kilivyokwenda.

Kitindamimba wangu alipasuliwa kidole tumbo utotoni. Alipokuwa kijana tumbo likavimba kama ngoma, akawa anatapika hovyo. Daktari akasema makovu ya ndani yamegandana, yameubana utumbo. Akamtia mpira puani wa kutoa uchafu wa tumboni, dripu mkononi, na kula marufuku. Mtoto wa mpishi, jamani, kulala njaa!

"Mpasue basi, baba!" nikamlilia.

"Mama, kisu kipo, hakiozi. Nikipasua naacha makovu mengine, nayo yatakuja kugandana. Tuungoje upepo."

"Upepo gani tena?"

"Ule ambao mtu akiutoa humsingizia jirani."

Nikachukua kikombe cha uji, nikakifunika kwa aproni nimpelekee mwanangu kwa siri. Akanikuta mlangoni, akakipokea kwa adabu, akaunywa wote mbele yangu, halafu akasema sukari haikutosha! Akarudi kuliminya lile tumbo, kama alivyofanya asubuhi na jioni. Upepo ulipotoka, ishara kwamba utumbo umefunguka, wodi nzima ilipiga makofi, na Daktari akampa mwanangu mkono kama anampongeza bwana harusi.

Tumbo lilipovimba tena, mimi nilikuwa bingwa. Nikawatuliza wauguzi: tungoje tu, naujua upepo wa mwanangu. Ngoja-Kwanza akaligusa tumbo. Lilikuwa limekakamaa, maumivu hayaachii, homa imepanda.

"Leo hakuna kungoja, mama."

Nilipofungua mdomo kubisha, kitanda kilikuwa kimeshatoka mlangoni, anakisukuma mwenyewe. Akampasua, akakuta utumbo umejisokota. Tungengoja zaidi ungeoza, na leo nisingekuwa na wa kumpikia.

Wanasema subira yavuta heri. Sawa, lakini subira ya Daktari ilikuwa imekaa kando ya kitanda, mkono juu ya tumbo. Haikwenda kulala.

Ahsante sana, Daktari. Mungu akupe mapumziko mema na afya tele. Uji wako upo, safari hii sukari imezidi. Ila ukifika kwako usininyamazie, unaujua moyo wangu. Tuletee habari upesi: umelalaje, umekula nini, na upepo je, umetoka?