Mama Oteng na Kitambaa cha Krismasi

Mlioamka alfajiri na kutufikia hapa makaburini, ahsanteni. Marehemu alipenda watu wanaowahi, na aliyechelewa alimpikia chai bila sukari. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Seipati, kwa amri ya marehemu mwenyewe. "Usinirembe," aliagiza. "Watu wa Kanye wananijua. Ukinirembesha watafikiri wamekuja kumzika mtu mwingine."

Gaboipewe Tladi, mnayemwita Mama Oteng, alizaliwa tarehe 9 Juni 1946, mashambani, magharibi mwa Kanye, wakati wa kuvuna mtama. Alikuwa wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Radipati na mkewe. Mama yetu alisimulia kwamba alivuna asubuhi, akajifungua mchana, na jioni akauliza nani amefunga ghala.

Alisoma shule ya msingi hapa Kanye kuanzia mwaka 1955 hadi 1960, akamaliza darasa la sita. Kaka zake walikuwa kwenye kambi ya kuchunga ng'ombe, kwa hiyo barua za ukoo mzima aliandika yeye. Kalamu haikumtoka tena mkononi. Mwaka 1970 aliajiriwa kuwa mpishi wa shule, akawapikia watoto mia nne kwa vyungu vya chuma vya miguu mitatu kwa miaka thelathini na sita. Ndiyo maana hakujua kupika chakula kidogo. Alipobaki peke yake nyumbani aliendelea kusonga ugali wa watu kumi, kisha akatoka barabarani kuwatafuta hao watu.

Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa na Mzee Kgosietsile Tladi, kwa ng'ombe wanane waliofika wote siku moja. Bwana harusi alifanya kazi katika migodi ya dhahabu Afrika Kusini. Alirudi kila Desemba, akakaa siku ishirini, akaondoka. Hivyo kwa marehemu Krismasi haikuwa sikukuu tu, ilikuwa ndiyo ndoa yenyewe. Yote ambayo wanandoa wengine huyamaliza kwa mwaka, ugomvi, mapatano, paa la kuezeka na watoto wa kuonywa, wao waliyamaliza kwa siku ishirini.

Mume alileta kitambaa cha leteisi, kile cha maua madogo madogo, kilichopimwa dukani kwa idadi ya watoto. Mama Oteng alikitandika sakafuni, akatoa makasi na cherehani ya mkono. Gemere, kile kinywaji chake cha tangawizi, ilikuwa inaumuka kwenye ndoo pembeni, na ole wake aliyeifunua. Siku ya Krismasi watoto walitoka wamevaa sare, wakazunguka nyumba hadi nyumba wakiomba Krismasi yao. Nguo hiyo haikuvaliwa hata saa moja kabla ya siku yenyewe. Oteng alijaribu mwaka 1980 na mpaka leo anaijua fimbo ile ilikuwa ya mti gani.

Kila tarehe 26 Desemba, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, aliandika kwenye daftari mawazo yake kuhusu familia. Mwaka 1985: "Suruali ya Thuso nimeishona kwa kipimo cha Pasaka. Imekuwa kaptula. Mtoto hamngojei mama." Mwaka 1999, mume aliporudi moja kwa moja: "Nilimzoea mume wa siku ishirini. Huyu wa mwaka mzima anataka chai saa nne. Lakini akikohoa usiku nashukuru nipo wa kumsikia." Mwaka 2016: "Wote wanatazama simu. Nimezikusanya kwenye beseni mpaka gemere iishe. Wameanza kuongea kama watu waliotoka jela."

Ukurasa wa mwaka 1988 una sentensi moja tu. "Kitambaa hakikuisha."

Hili ndilo aliloagiza lisomwe, na Nametso, ambaye linamhusu, ameridhia.

Desemba ile Mzee Kgosietsile alirudi na kitambaa cha bluu cha watoto wanne, na mtoto wa tano mkononi. Msichana wa miaka sita, amevaa sweta la mgodini linalomfika magotini.

"Mama Oteng," alisema, "huyu ni Nametso. Mama yake amefariki mwezi wa tisa. Hana pengine pa kwenda."

Marehemu alimtazama mumewe, akamtazama mtoto. Miaka sita. Hesabu haikuwa ngumu.

"Mpeni maji mtoto," alisema. "Ametoka mbali."

Kwa mumewe hakusema neno siku nne. Alikata, akashona. Nguo nne zilipokwisha, Nametso alikuwa amekaa mlangoni anangoja zamu yake, mikono imekunjwa mapajani kwa adabu. Marehemu akamwambia, "Kitambaa kimeisha." Mita moja na nusu ilikuwa imebaki, imekunjwa ndani ya sanduku la bati, chini kabisa. Hasira ilikuwa ya mume, akamkatia mtoto.

Krismasi watoto wakatoka, wanne wa bluu mbele, sweta nyuma. Walipofika kwa Mama Ditiro, jirani yetu, yeye akauliza, "Na huyu mwenye sweta ni wa nani?"

"Mimi ni yule ambaye kitambaa kiliisha," Nametso akajibu. Hakulia. Alijitambulisha tu, kama mtu anayetaja ukoo wake.

Jioni Mama Ditiro alikuja uani na kuyarudia maneno hayo, kisha akaenda zake bila hata kuonja gemere. Marehemu alikaa chini palepale kwenye vumbi. Mdogo wake Seipati alikuwepo na alimwona. Angeweza kushona kesho yake, ndiyo. Lakini kukitoa kitambaa kungekuwa kukiri kwamba alikificha, na dada yetu, pamoja na sifa zake zote, alikuwa na shingo ngumu. Mwaka uliofuata alimpima Nametso kwanza, akamkatia kwanza, na hivyo hivyo kila mwaka. Watoto wengine walinung'unika. Aliwajibu, "Nyie mlitangulia zamani." Alimsomesha, akamfundisha cherehani, akampeleka kwa mumewe na vyombo kamili. Mtu aliyetamka "mtoto wa kambo" uani kwake hakuombwa kurudi. Ila kila Krismasi alitaka kusema, na kila Krismasi daftari linasema, "Mwaka huu pia nimeshindwa."

Mzee Kgosietsile alifariki mwaka 2003. Sukari ilimwanza marehemu mwaka 2011, na mwezi wa saba mwaka huu wa 2022 madaktari walisema moyo umechoka. Nametso aliomba likizo kazini kwake Lobatse, akaja kumwogesha na kumlisha. Mwezi wa kumi, mchana mmoja, mdogo mtu akiwa pale anachambua mboga, marehemu alisema, "Nametso, fungua sanduku. Chini kabisa kuna kitu."

Nametso hakupekua. Alipitisha mkono upande wa kushoto, chini ya mablanketi, akakitoa.

"Umejuaje kiko upande huo?"

"Nilikiona nikiwa na miaka tisa, mama. Nilikuwa natafuta sindano."

Dada yetu alikipapasa kile kitambaa. Kisha akauliza, "Na miaka yote hii hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Hapo dada yetu alilia. Hatukuwa tumemwona akilia tangu maziko ya mama. "Nisamehe, mwanangu. Hakikuisha. Nilikuwa na hasira na baba yako."

"Najua, mama. Hata mimi nilikuwa nayo."

"Sasa kipime basi, nikushonee."

Nametso alikizungusha kiunoni, hakikufika hata nusu. "Labda uushonee mguu wangu mmoja," akasema, na wote wawili wakacheka mpaka mboga zikamwagika. "Mshonee Warona wangu. Ametimiza sita."

Gauni hilo lilimchukua siku kumi na moja. Mkono mmoja umezidi mwingine, na tumekatazwa kuurekebisha. Alitaka kuliona siku ya Krismasi. Alipojua hatafika alituambia, "Basi avae siku ya kunisindikiza. Oteng asiniletee kesi, sheria ni yangu."

Alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 16 Desemba 2022, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Nametso. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita. Wanawe wote walikuwa tayari wameomba ruhusa kazini kwa ajili ya Krismasi. Hata katika hilo alitupangia.

Rasimu ya kwanza ya karatasi mliyoshika iliandikwa "watoto wanne na mmoja wa kulea." Marehemu aliisoma kitandani siku tatu kabla ya kufa, akaomba kalamu. Tunasoma alivyoandika yeye: Ameacha watoto watano. Nametso, Oteng, Boikobo, Thuso na Goitsemang. Ameacha wajukuu kumi na mmoja, wadogo zake wawili, na chungu cha miguu mitatu ambacho hakigawanywi.

Mnaomwona mtoto mwenye gauni la bluu pale mbele, mkono mmoja umezidi, mkiulizana ni wa nani, huyo ni Warona wa Nametso, mjukuu wa Gaboipewe.

Lala salama, dada. Kitambaa kimetosha.