Mkono wa Bi Wasiwasi Chini ya Bomba

Tarehe thelathini mwezi huu Bi Wasiwasi anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja katika shamba letu la nguruwe. Mimi, msaidizi wake, nimeombwa niandike maneno ya furaha. Nitajaribu, lakini naandika kwa hofu. Jua limeanza kuchoma mapema mwaka huu, banda la wazazi limejaa, na huyu mama anaondoka. Jamani, huu ni wakati wa kustaafu kweli?

Kwa wageni wetu wa leo: banda la wazazi ndiko wanakolala majike wanaonyonyesha. Nguruwe hatoki jasho kama sisi. Joto likimzidi hujilaza ubavu, akahema mdomo wazi na kususia chakula, na maziwa yakapungua huku watoto wakipigana vikumbo kwenye chuchu. Madini nayo yanamtoka kwa kuhema na kunyonyesha. Ndiyo maana msimu wa joto tunawaongezea chumvi na madini mengine kwenye pumba, jioni hewa ikianza kupoa. Kazi hiyo ilikuwa ya Bi Wasiwasi, na ufunguo wa stoo ya madini ulikaa shingoni mwake.

Hakuja na jina hilo. Alipoajiriwa tulimwita Bi Chapuchapu, maana alimaliza banda zima wengine wakiwa bado wanatafuta mabuti. Hakuogopa kitu. Msimu mmoja wa joto kali daktari wa mifugo aliagiza madini yaongezwe, na agizo lilikuwa sahihi kabisa. Bi Chapuchapu alichanganya, akagawa, akafungua mabomba, akaona maji yanatoka, akaenda zake kunywa chai.

Maji yalitoka kweli, ila bomba lilipita juu ya bati, na maji yaliyoshinda humo juani yalikuwa yanaunguza. Majike walikula ile chumvi, wakapata kiu, wakagusa maji, wakarudi nyuma. Chumvi bila maji ni sumu. Aliporudi alimkuta Shangazi, jike wake kipenzi aliyezoea kumgombeza kila anayeingia mlangoni, amegandamiza kichwa ukutani, miguu inatetemeka. Shangazi hakumtambua hata yeye.

Nilikuwepo. Sijawahi kuogopa vile. Alikomba pumba kwa mikono mitupu, akatukataza kuwaachia wanywe kwa pupa, maana maji mengi kwa mkupuo yangewaua. Tukawanywesha maji yaliyopoa kidogo kidogo, ndoo kwa ndoo, roho mkononi. Wote walipona isipokuwa Shangazi. Watoto wake tuliwagawa kwa majike wengine, na Bi Chapuchapu akawa anawahesabu huku analia.

Tangu hapo bomba limefukiwa ardhini, na hakuna punje ya madini iliyomwagwa kabla Bi Wasiwasi hajapitia kila bomba akikimwagia maji kifundo cha mkono wake, kama mama anayepima maziwa ya mtoto. Tulimcheka sana, tukambandika hilo jina la Bi Wasiwasi. Siku ya harusi ya bintiye, jua lilipochomoza tu kutoka mawinguni, alitoka ukumbini viatu mkononi, akaja bandani na gauni lake la hariri. Mumewe anasema hata nyumbani wajukuu hawaogi kabla hajapima beseni. Lakini kisa cha Shangazi amemsimulia kila mfanyakazi mpya, bila kujisitiri hata kidogo, na tangu hapo hatujapoteza jike mwingine kwa chumvi.

Wiki iliyopita alinivua tabasamu. Alinivika ule ufunguo, akasema zamu ya madini ni yangu kuanzia jioni hiyo. Nilipima bomba la kwanza hadi la mwisho. Maji yalikuwa baridi. Nikarudia, yakawa baridi, na bado nikapima mara ya tatu. Nilipogeuka nilimwona mlangoni, uso umempauka, mikono yote miwili ameifutika ndani ya aproni, ameikamata kama mtu anayezuia mbwa asitoroke. Alitaka kuja kupima, wallahi kila mtu aliona. Hakuja. Nikamwaga madini, majike wakala, wakanywa, na yeye akavua mabuti akaenda nyumbani.

Kwa mtu mwoga kiasi kile, sijaona ushujaa mwingine kama huo.

Bi Wasiwasi, asante kwa miaka yote uliyoogopa kwa niaba yetu. Kapumzike na mzee, uwaachie wajukuu waoge kwa amani, afya yako iwe njema na usingizi wako uwe mzito. Simu usipige kila jua likiwaka. Sisi huku tunaogopa vizuri tu, na mkono uko chini ya bomba.