Mama Tarwiyah Alivyoacha Mafuta

Tarehe 30 Juni Mama Tarwiyah anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuuguza watoto katika wodi yetu na kutugombeza sisi wenzake.

Alianza kazi akiwa binti mwembamba kutoka Banyumas, huku kwetu Java. Hayo anayasema yeye, picha hatujaonyeshwa. Muda si muda akawa anapata mshipa wa mtoto mchanga kwa sindano moja tu, jambo ambalo madaktari wawili hawajamsamehe mpaka leo. Mfukoni hakukosa chupa ya mafuta ya kayu putih, yale ya kuchua yenye harufu kali. Tumbo likiuma, alipaka. Mbu aking'ata, alipaka. Daktari akichelewa, alijipaka mwenyewe. Kwake kila ugonjwa ni upepo ulioingia mwilini, na sisi tuliolelewa hivyohivyo na mama zetu hatukumbishia.

Kisha akaja Kinasih, mtoto wa miaka sita mwenye thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, anayehitaji kuongezewa damu kila baada ya wiki tatu. Kila akifika wodini kipandauso kilimshika. Alitapika, akajifunika shuka usoni, akalia polepole kwa sababu kulia kwa nguvu kulimzidishia maumivu. Mama Tarwiyah akatangaza kuwa ni upepo, akampaka mafuta kwenye paji na shingo. Kichwa kikazidi, naye akazidisha mafuta. Mwishowe mtoto akagoma kuja hospitali. Alikosa damu mara mbili, akapauka hadi midomo, na tuliogopa kumpoteza.

Mama yake alikuwa akiandika daftarini kila kichwa kilipouma: mtoto kalala saa ngapi, kala nini, nani yuko zamu. Jibu lilikuwa wazi kwa kila aliyelisoma. Lakini sisi ni Wajava, na mkubwa haambiwi kitu kama hicho. Daktari alilifunga daftari, akasifu mwandiko.

Siku mtoto alipoletwa akiwa amebebwa, alisema mwenyewe.

“Bibi, kichwa kinauma kwa sababu yako. Unanuka.”

“Nanuka? Mimi?”

“Sana, Bibi. Samahani.”

Mama Tarwiyah akaingia bafuni, akakaa karibu nusu saa. Tulidhani analia, kumbe anajisugua kwa sabuni. Alitoka, akafunga mapazia, akamwekea kitambaa cha maji baridi na kumpa dawa aliyoandikiwa. Jioni ile Kinasih alipata damu yake yote.

Kipandauso hakijaisha, ila hakiji tena kila safari. Ni miaka minne sasa, na hajakosa damu hata mara moja. Kwa miaka hiyo yote, mwanamke aliyeyaamini mafuta yake kuliko vyeti vya madaktari hajagusa tone kazini, hata tumbo lake mwenyewe lilipouma. Vyeti vya utumishi bora anavyo vitatu. Mimi ningempa cha nne kwa hilo tu.

Asante, Mama, kwa yote, pamoja na makaripio. Ukawafaidi wajukuu na kuku wako kwa afya na raha. Kinasih naye ametuma salamu: kuanzia tarehe mosi Julai, Bibi, ruksa kunuka.